Kukadiria wastani wa mapato ya madereva wa tuktuk kwa sampuli: hatua kwa hatua

Tuseme uko kwenye kamati ya chama cha madereva wa tuktuk, wenye steji Buxton, Kongowea na Bombolulu, mjini Mombasa. Wanachama ni 90. Kamati inataka kila dereva akatwe asilimia 10 ya anachobaki nacho kwa siku, iende kwenye mfuko wa matengenezo. Mweka hazina anauliza swali moja tu: mfuko utaingiza shilingi ngapi kwa siku?

Jibu linategemea wastani wa mapato ya wale 90. Kuwafuata wote hakuna atakayeweza, kwa hiyo utauliza 36; hao ndio sampuli yako. Namba za mwongozo huu nimezitunga kwa ajili ya mafunzo, lakini hesabu zenyewe unaweza kuzirudia na kikokotoo cha simu ukaona zinakubali.

Hatua ya 1: Amua unapima nini

"Mapato" peke yake hayatoshi. Hapa tunamaanisha pesa iliyobaki mfukoni baada ya mafuta na baada ya hesabu, yaani pesa anayompelekea mwenye chombo. Dereva anayeendesha tuktuk yake mwenyewe hatoi hesabu, kwa hiyo kamati iamue mapema kama ataingia hivyo hivyo. Uliza habari za jana. Usiulize "kwa kawaida unapata ngapi", maana hapo utapewa siku ambayo dereva angependa iwe ya kawaida.

Hatua ya 2: Chagua watu kwa bahati nasibu

Kazi yote iko hapa, na hapa ndipo watu hupitia juu juu wakikimbilia fomula.

Ukienda steji saa nne asubuhi na daftari lako, utamkuta nani? Utamkuta aliyepaki akisubiri. Mwenye wateja wa kudumu, anayepeleka watoto shule kisha akina mama sokoni Marikiti, hayupo. Yuko barabarani anatengeneza pesa. Wa usiku amelala. Wastani utakaotoka hapo utakuwa chini ya ukweli, na hata ungeuliza watu 3,600 kwa mtindo huo usingekaribia. Ungepata tu jibu lisilo sahihi kwa uhakika mkubwa zaidi.

Chukua daftari la wanachama. Andika majina 90 kwenye Excel kuanzia A2 hadi A91, na pembeni ya kila jina weka =RAND(), inayotoa namba ya bahati nasibu. Nakili safu hiyo ya namba na uibandike kama thamani ili isibadilike, panga orodha yote kuifuata, kisha chukua majina 36 ya kwanza. Huna kompyuta? Andika namba 1 hadi 90 kwenye vikaratasi vinavyolingana, vitie ndooni, koroga sawasawa, chomoa 36.

Kisha watafute hao hao. Usipompata wa kumi na mbili, usimchukue rafiki yake aliyeegemea tuktuk pale pale kwa sababu tu yupo. Piga simu, rudi jioni. Asiyepatikana kirahisi mara nyingi ndiye mwenye kazi nyingi, na ukimwacha umerudi kule kule kwa wanaosubiri.

Siku nazo zipangie bahati nasibu. Ukiuliza wote Jumamosi, umepima Ijumaa peke yake. Ramadhani ifanyie zoezi lake, kwa sababu biashara ya mchana huhamia usiku na namba za mwezi huo hazisemi lolote kuhusu miezi mingine.

Muulize kila mtu akiwa pembeni. Mbele ya wenzake mazungumzo huwa hivi:

"Ami, jana baada ya mafuta na hesabu ulibaki na ngapi?"

"Jana ilikuwa mbovu, mwanangu. Elfu hivi."

Basi kila anayefuata naye atakuwa na elfu hivi. Hapo huna majibu 36. Una jibu moja lililorudiwa. Na kama kuna anayeshuku umetumwa na kanjo (askari wa kaunti) au watu wa kodi, jieleze kwanza ndipo ufungue daftari.

Hatua ya 3: Ona jinsi wastani wa sampuli unavyoyumba

Kabla ya hesabu yenyewe, shuka kwenye mfano mdogo kabisa. Chukua steji yenye madereva watano tu, ambao jana walibaki na 800, 1,000, 1,200, 1,500 na 2,500. Jumla ni 7,000, kwa hiyo wastani wa kweli ni 1,400.

Sasa jifanye hujui. Unaruhusiwa kuuliza wawili tu. Jozi zinazowezekana ni kumi, na wastani zake ni hizi: 900, 1,000, 1,100, 1,150, 1,250, 1,350, 1,650, 1,750, 1,850 na 2,000.

Hakuna hata jozi moja iliyopata 1,400. Wa karibu zaidi ni 1,350. Lakini jumlisha wastani zote kumi, ugawanye kwa kumi: unapata 1,400 kamili. Yaani sampuli moja moja hukosea, huku juu huku chini, lakini kwa pamoja haziegemei upande wowote. Orodha hiyo ya wastani kumi ndiyo inayoitwa mtawanyo wa wastani za sampuli. Ukishaielewa, mengine yote ni kuipima upana wake.

Ukiuliza wanne badala ya wawili, sampuli zinazowezekana ni tano na wastani zake ni 1,125, 1,375, 1,450, 1,500 na 1,550. Tazama zilivyojibana: mwanzo zilienea kutoka 900 hadi 2,000, sasa ni 1,125 hadi 1,550. Sampuli ikikua, kuyumba kunapungua.

Kuna na jambo la pili. Hata mapato ya madereva yakiwa yameegemea upande mmoja, wengi chini na wachache juu sana, wastani za sampuli kubwa hujipanga kwa umbo la kengele. Pierre-Simon Laplace alilionyesha hilo mwaka 1810. Vitabu vingi husema sampuli ya 30 inatosha. Ichukue kama kanuni ya kukadiria tu, kwa sababu data iliyoegemea sana huhitaji zaidi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kosa sanifu

Rudi kwa madereva wako 36. Majibu yao yako B2 hadi B37.

=AVERAGE(B2:B37) inakupa wastani: tuseme 1,340.
=STDEV.S(B2:B37) inakupa mchepuko sanifu, yaani jinsi dereva mmoja mmoja anavyotofautiana na wastani: tuseme 420.

Kosa sanifu ni mchepuko sanifu kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Kipeuo cha 36 ni 6, na 420 kwa 6 ni 70.

Hizo namba mbili usizichanganye. Ile 420 inazungumzia madereva. Ile 70 inazungumzia wastani: ungerudia zoezi lote kwa madereva wengine 36, wastani mpya ungetofautiana na ukweli kwa kiasi cha shilingi 70 hivi.

Hatua ya 5: Jenga masafa ya uhakika

Masafa ya uhakika ni ncha mbili, ya chini na ya juu, unazotarajia wastani wa kweli uwe kati yake. Ni wastani wa sampuli, ukitoa na kujumlisha kosa sanifu lililozidishwa kwa kizidishi. Kwa uhakika wa asilimia 95 wengi wamekariri 1.96. Hiyo ni sahihi unapoujua mchepuko wa kundi zima, na wewe huujui, umeukadiria kutoka kwa watu 36. Tumia kizidishi cha t. Aliyekileta ni William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyekuwa akihangaika na sampuli ndogo kiwandani. Alichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student" kwa sababu mwajiri hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao.

Andika =T.INV.2T(0.05,35). Ile 35 ni 36 ukitoa moja. Unapata 2.030. Zidisha kwa 70: 142. Basi masafa ni 1,198 hadi 1,482.

Kwa watu 36 tofauti ya 1.96 na 2.030 ni ndogo. Kwa watu 9 kizidishi ni 2.306, na hapo ukitumia 1.96 unajidanganya.

Hatua ya 6: Yasome ipasavyo

Masafa haya hayasemi kwamba asilimia 95 ya madereva wanabaki na kati ya 1,198 na 1,482. Mchepuko ni 420. Wapo wa 700 na wapo wa 2,000. Ni masafa ya wastani peke yake.

Wala wastani wa kweli haurukiruki. Upo, umetulia, ni namba moja. Kinachohama ni masafa kila unapochukua sampuli mpya. Asilimia 95 ni sifa ya njia, kama Jerzy Neyman alivyoieleza katika makala yake ya 1937: ukirudia zoezi mara nyingi, takriban masafa 95 kati ya kila 100 yatakuwa yameukamata wastani wa kweli. Haya yako ni mojawapo, na hakuna alama inayokuonyesha kama ni katika zile tano zilizokosa.

Dereva aliyepata 4,900

Atakuwepo. Alikodiwa na wageni kutwa nzima. Tuseme mmoja aliyekuwa na 1,340 kumbe ana 4,900. Wastani unapanda hadi 1,439, si jambo kubwa, lakini mchepuko unaruka kutoka 420 hadi 727, na masafa yanakuwa 1,193 hadi 1,685. Mtu mmoja ameyapanua karibu maradufu. Mpigie uhakikishe hakuna sufuri iliyozidi, lakini kama ni kweli, mwache. Kumfuta ili masafa yapendeze ni kupika data.

Je, 36 wanatosha?

Amua unataka kukosea kwa shilingi ngapi, halafu gawanya: 1.96 mara 420, gawa kwa hiyo shilingi, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Ukitaka 100, unahitaji watu 68. Ukitaka 50, unahitaji 272. Usahihi mara mbili unadai watu mara nne.

Fomula hiyo inachukulia kundi ni kubwa mno, ndiyo maana sampuli ya 400 iliyochaguliwa vizuri hufanya kazi karibu sawa kwa kaunti ya Mombasa, yenye watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019, na kwa Kenya nzima. Lakini chama chako kina 90, nawe umeuliza 36, sehemu kubwa. Unastahili punguzo: zidisha kosa sanifu kwa kipeuo cha pili cha (90 − 36) ÷ (90 − 1), yaani 0.779. Kosa linashuka kutoka 70 hadi 54.5, na masafa (tukiacha yule wa 4,900) yanakuwa 1,229 hadi 1,451.

Kumjibu mweka hazina

Asilimia 10 ya 1,340 mara madereva 90 ni shilingi 12,060 kwa siku ambayo wote wametoka kazini. Mpe na ncha mbili: kutoka 11,061 hadi 13,059. Bajeti ya vipuri ipangwe kwa ile ya chini.

Akikuuliza kama kila dereva ataweza kumudu makato hayo, mwambie wastani haulijibu swali hilo. Panga majibu 36 kutoka dogo hadi kubwa, umwonyeshe yale tisa ya mwanzo.