Kwenda na gari la kambi hadi michoro ya miambani Kolo

Toka Arusha alfajiri, shika lami ya Makuyuni hadi Babati. Jaza mafuta hapo, na maji lita 20 kwa watu wawili. Kijiji cha Kolo utakifikia kabla ya Kondoa mjini. Anzia ofisi ya michoro hapo Kolo: lipa kiingilio, chukua mwongozaji.

Njia ya Mongomi, kwenye miamba yenye michoro, ni vumbi na makorongo. Gari refu hugota nyuma, hasa tanki la maji likijaa. Liache Kolo, ukodi la fowili (linalovuta kwa magurudumu yote manne). Mvua ikinyesha, ahirisha. Kipande cha mwisho ni mlima kwa miguu.

Tafadhali, usimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha! Rangi nyekundu hufifia, na ikishatoka hairudi. Warangi, wenyeji wa huko, bado hutambika pale. Ukikuta sadaka, usiiguse.