Somo: Kuseti muda wa kuanzia na muda wa kukata kwenye ovalodi ya mota

Mota ya mashine ya kusaga niliyoitiwa Tandale ilikuwa imesukwa waya upya mara mbili, na kila mara lawama zilienda kwa msukaji. Nilipofungua paneli nikakuta ovalodi ya kielektroniki (kifaa cha kuikatia mota umeme mzigo ukizidi), nobu zote tatu zimezungushwa hadi mwisho. "Ilikuwa inakatakata," mwenye mashine akaniambia, "ndipo fundi akaituliza." Ovalodi iliyotulizwa hivyo haina inachokilinda tena. Ndiyo maana naandika somo hili.

Zijue nobu zako kwanza. LOAD ni ampea za kukatia. D-TIME ni sekunde ambazo ovalodi inafumba macho wakati mota inaanza, kwa sababu mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 au 7 ya ampea zake za kawaida. O-TIME ni sekunde inazovumilia mzigo ukizidi baada ya hapo. Watu wengi wanachanganya hizi mbili za muda.

Hatua ya 1. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kwamba umeme hakuna, kisha soma kibati cha mota. Ya Tandale ilikuwa 5.5 kW, volti 400, ampea 11. Hakikisha pia umeme wa koili ya kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) unapita kwenye pini 95-96 za ovalodi, zinazoachana ovalodi ikikata. Nimeshakuta zimeungwa pamoja kwa kipande cha waya, na hapo ukiseti namna gani ni kazi bure.

Hatua ya 2. Zungusha nobu zote hadi mwisho. Ni kwa ajili ya kupima tu.

Hatua ya 3. Funga klampu mita (mita ya kubana waya inayosoma ampea) kwenye waya mmoja wa mota, washa, na uhesabu sekunde tangu ampea zipande hadi zishuke na kutulia. Rudia mara mbili au tatu, lakini iache mota ipoe katikati. Mimi nilipata sekunde 4. D-TIME nikaiweka 5. Ongeza sekunde moja, ikibidi mbili, basi. Ukiweka 30, siku mawe ya kusagia yakikwama wakati wa kuwasha, mota itakaa sekunde 30 inavuta ampea 70 bila kuzunguka, na vanishi ya waya haivumilii hilo.

Hatua ya 4. Mwambie mwenye mashine amwage mahindi kama anavyosaga siku zote. Usiseti mashine ikiwa tupu! Punguza LOAD polepole hadi taa ianze kupepesa: hapo ndipo ampea halisi za kazi, na zilingane na klampu mita. Yetu ilikuwa 9. Panda kidogo, kama asilimia 10 hadi 15, ila usivuke namba ya kibati. Tuliishia 10.

Hatua ya 5. O-TIME iwe fupi. Kwa mashine ya kusaga naweka sekunde 3 au 4, maana debe likimwagwa kwa pupa mzigo hupanda ghafla kisha hushuka.

Malizia kwa kitufe cha TEST. Kontakta isipoachia, kazi haijaisha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Ovalodi yangu ni ya kizamani, ya bimetali, haina nobu ya muda. Nafanyaje?*

Marahaba. Muda wake umo kwenye daraja (class) lililoandikwa ubavuni. Daraja la 10, likipata mara 7.2 ya ampea ulizoseti, hukata ndani ya sekunde 10. La 20, ndani ya 20. Feni kubwa inayochelewa kushika mwendo inahitaji la 20, usiongeze ampea kuifurahisha. Kwenye bimetali weka namba ya kibati kama ilivyo, kwani uvumilivu kidogo umeshawekwa ndani yake.

*Kaka, mota ya sta-delta 15 kW, kibati ampea 28. Niweke 28?*

Mota ya sta-delta huanza kwa muungo wa sta ili ivute ampea chache, kisha taima huihamishia delta, muungo wa kazi. Kwa hiyo inategemea ovalodi imekaa wapi. Ikiwa kwenye njia kuu inayoingia, 28. Ikiwa chini ya kontakta kuu, kwenye nyaya zinazokwenda kwenye mota, zidisha kwa 0.58, upate kama 16. Na D-TIME ipite taima ya sta: taima ikiwa sekunde 6, weka 8, kwani ikihamia delta ampea huruka tena.

*Pampu ya kisima Mbezi, D-TIME 5 inatosha?*

Ni nyingi mno, ndugu yangu. Pampu ya kuzamisha hushika mwendo upesi sana, weka 1 au 2. Njia moja ya umeme ikikatika, zile mbili zilizobaki hubeba karibu mara 1.7, na mota iko chini ya maji huioni wala huisikii. Riseti iweke ya mkono pia. Ukiiacha ijirudishe yenyewe na kuna swichi ya floti (boya linalowasha pampu maji yakishuka tangini), itajiwasha usiku kucha hadi iungue.