Somo: Pula ya beringi isiyoruka, kwa mota zenye beringi 6206

Pula ni kifaa cha kung'oa beringi kwenye shafti. Pula nyingi za kuchomelea hufanya kazi vizuri mpaka siku beringi igome. Hapo miguu hupanuka, ndoano huteleza, na pande la chuma huruka usawa wa kifua cha fundi. Pula ya somo hili haina ndoano. Ina sahani ya vipande viwili inayokaa nyuma ya beringi, gogo la chuma mbele ya shafti, boliti mbili za kuvutia, na skrubu ya kati. Vipimo ni vya 6206 (30 × 62 × 16 mm), beringi ya mota nyingi za 3 na 4 kW zenye shafti ya nje ya 28 mm.

Nguvu kwanza, chuma baadaye

Spana ya sm 40 ikivutwa kwa uzito wa kilo 25 inatoa nguvu ya kuzungusha ya kama Nm 100. Jedwali la kukazia boliti litakwambia skrubu ya kati ya M16 (kipenyo 16 mm) hapo inabana kama tani 3. Usilifuate. Jedwali limehesabu pia msuguano wa chini ya kichwa, na hapa kichwa hakigusi kitu, ncha inazunguka juu ya gololi. Hesi (nyuzi za skrubu) ikiwa na grisi, unakaribia tani 6. Kila kipande hapa chini kimepigiwa hesabu ya tani hizo 6, na spana ya sm 40 ndiyo mpaka wa pula. Ukichomeka paipu ya mita moja kwenye spana, skrubu itakatika kabla hujachoka.

Vifaa

- Gogo: chuma cha kawaida, 50 × 40 mm, urefu 120 mm. Kimo cha 40 kisimame upande wa mvuto.
- Sahani: vipande viwili vya 100 × 55 mm, unene 25 mm.
- Skrubu ya kati: boliti M16 × 120, gredi 8.8 (daraja la nguvu ya chuma), yenye hesi mpaka kichwani.
- Boliti za kuvutia: M12 × 180, gredi 8.8, mbili, na wosha nene.
- Boliti za kubana sahani: M12 × 140, gredi 8.8, mbili, na nati zake.
- Gololi ya 12 mm kutoka beringi chakavu, na boliti fupi ya M10.

Alama ya 8.8 isomwe kichwani mwa boliti. Isiyo na alama ichukulie kuwa chuma laini.

Hatua

1. Gogo. Toboa katikati kwa drili ya 14 mm, kisha piga tepu (kifaa cha kukata hesi) ya M16 mpaka ng'ambo. Tundu mbili za 13 mm zikae 40 mm kutoka katikati, kila upande moja. Kuna anayeona 40 mm ni unene wa kupita kiasi, achukue bapa la 25. Kwa tani 6 gogo la 40 linabeba mkazo wa kama MPa 125 katikati, salama kwa chuma cha kawaida. La 25 linafika MPa 320 na litapinda mbele ya macho yako.

2. Sahani. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Watu hutoboa tundu kwenye sahani nzima halafu wanaipasua kwa grenda. Diski inakula milimita mbili au tatu, tundu linakuwa umbo la yai, na vipande vikibanwa havikutani vizuri. Fanya kinyume chake. Vipande viwe viwili tangu mwanzo, nyuso zinazokutana zipigwe tupa mpaka mwanga usipite, vibanwe kwa boliti zake mbili za M12 (mahali pake ni hatua ya 4), ndipo ukereze tundu la katikati kwenye mashine.

3. Kipenyo cha tundu hilo ni kipenyo cha bega la shafti (sehemu nene ambayo beringi inaiegemea) jumlisha 1 mm. Bega likiwa 36, kereza 37, ili sahani ishike ukingo wa ringi ya ndani. Ukingo unaoingia nyuma ya beringi uchongwe mshazari, maana nafasi hapo ni finyu.

4. Tundu za boliti za kubana zikae 35 mm kutoka katikati, kulia na kushoto, tena zisiwe katikati ya unene. Zisogeze upande wa mota, 15 mm kutoka uso unaogusa beringi. Mvuto ukizidi, maungio hutaka kufunguka upande wa mota, na boliti ikiwa karibu na hapo inazuia kwa nguvu ndogo zaidi.

5. Tundu za kuvutia: moja kila kipande, 40 mm kutoka maungio, drili ya 10.2, tepu ya M12, hesi ziingie zote 25 mm.

6. Ncha. Shafti ya 28 kwa kawaida ina tundu la hesi M10 mwishoni. Funga humo boliti fupi, chimba kidimbwi kichwani mwake, na kingine kwenye ncha ya M16. Gololi ikae kati ya hivyo viwili. Hesi za mota zinabaki salama na pula haihami pembeni.

Boliti za M12 × 180 zina hesi fupi mwishoni tu. Urefu ukizidi, jaza kwa vipande vya paipu nene chini ya kichwa, usikate boliti ili kupiga hesi upya.

Kuvuta

Funga turubai nene kuzunguka pula na shafti. Kaza skrubu ya kati robo mzunguko kwa mara moja, ukitazama gogo lisimame sambamba na sahani. Spana ikigoma, acha dakika chache, kaza tena. Usigonge kichwa cha skrubu kwa nyundo: kishindo kinapita kwenye shafti na kutoboa vishimo kwenye beringi ya upande wa pili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, fimbo ya M12 yenye hesi mwanzo mwisho ya duka la vifaa haifai? Ni rahisi kupata.*
Haifai, ndugu. Kila boliti ya kuvutia inabeba kama tani 3, yaani MPa 356. Fimbo hizo nyingi ni chuma laini kinachoanza kunyooka kwenye MPa 240 hivi.

*Naweza kupasha beringi moto pula ikiwa imekaza?*
Pasha ringi kama umekwama, ila moto usiguse boliti. 8.8 imepata nguvu yake kwa moto na ubaridi. Ikishakuwa nyekundu, hiyo nguvu imeondoka. Kwa sababu hiyo hiyo usiichomelee.

*Beringi iliyotoka inarudishwa?*
Kama sahani ilishika ringi ya nje, hapana. Mvuto ulipita kwenye gololi.

*Fundi, puli (gurudumu la mkanda) ya mashine ya kusaga imegoma na skrubu yake ya kubana nimeshaitoa.*
Mulika ndani ya tundu. Mara nyingine kuna skrubu ya pili chini ya ile ya kwanza. Na puli ya chuma cha kutupwa usiivute kwa ukingo wa nje, unakatika. Shika kitovu.