Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Ushabiki, Hasa Zile Zinazouma

Kila shabiki aliyeifuata timu yake kwa miaka mingi anayo mechi moja ambayo hapendi kuulizwa habari zake. Anayetaka kuandika kumbukumbu za ushabiki wake aanze na mechi hiyo, wala asianze na ubingwa. Ubingwa una waandishi wengi: klabu yenyewe hutengeneza filamu, hutoa vitabu na kulipanga kombe kabatini, na baada ya miaka ishirini shabiki hujikuta akisimulia yale aliyoyasoma badala ya yale aliyoyaona. Kipigo hakina mtunzaji. Asipokiandika yule aliyekuwapo, kitabaki kuwa tarakimu mbili na kistari katikati.

Chukua mfano wa mashabiki wa Schalke ya Ujerumani, siku ya tarehe 19 Mei 2001. Timu yao ilimaliza msimu kwa kuifunga Unterhaching mabao 5-3, katika mechi ya mwisho ya ligi kuchezwa kwenye uwanja wao wa zamani wa Parkstadion, na wakati huohuo Bayern Munich, waliokuwa wakiwania nao ubingwa, walikuwa wamefungwa bao la dakika ya 90 kule Hamburg. Ikaenea habari kwamba mechi ya Hamburg imekwisha. Watu wakamiminika uwanjani wakikumbatiana, wakawa mabingwa kwa takriban dakika nne, mpaka beki Patrik Andersson aliposawazisha katika muda wa nyongeza kwa mpira wa adhabu uliopigwa ndani ya eneo la hatari, na Bayern wakautwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi moja. Rekodi inasema Hamburg 1, Bayern 1, basi. Aliyekuwa kwenye zile nyasi ndiye anayejua alikuwa amemkumbatia nani habari ilipogeuka, na ni yupi kati yao aliyeachia mikono kwanza.

Hapo ndipo pa kuanzia: habari mbaya ilikufikiaje? Pengine uliliona bao kwa macho yako, pengine ulikuwa umeinama kufunga kamba za viatu ukasikia upande wa pili wa uwanja ukilipuka, pengine ulisoma matokeo kwenye simu ukiwa mahali ambapo hukuruhusiwa kutoa sauti. Andika hilo kwanza, kwa sentensi mbili au tatu, kabla ya kueleza timu zilipangwaje au msimamo wa ligi ulikuwaje. Msomaji anayetaka mpangilio wa wachezaji atautafuta kwingine.

Sharti la pili ni gumu kidogo: usitazame marudio ya mechi kabla hujamaliza kuandika. Picha za video zina nguvu, na mtu akishaziona huanza kuukumbuka mchezo kwa jicho la kamera iliyokuwa juu ya jukwaa, ilhali yeye alikuwa chini, nyuma ya lango, akichungulia kati ya mabega ya watu. Tenga nusu saa, andika mfululizo bila kusahihisha, na yafuate mambo kwa mpangilio yanaojia hata kama dakika ya 80 inatangulia dakika ya 10. Ukishamaliza, ndipo utafute magazeti ya zamani, rekodi za ligi na video, ulinganishe.

Utakuta umekosea, na si kidogo. Wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwataka wanafunzi waandike walivyozipata habari za kulipuka kwa chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986, kesho yake tu baada ya tukio, kisha wakawauliza tena zaidi ya miaka miwili baadaye. Wengi walieleza mambo tofauti na yale waliyoyaandika kwa mkono wao wenyewe, nao walikuwa na uhakika mkubwa. Mimi mwenyewe niliwaapia watu kwa miaka mingi kwamba siku timu yangu iliposhuka daraja mvua ilikuwa ikinyesha. Nilikumbuka hata jezi ilivyonigandama mgongoni. Nilipozitafuta picha za siku ile nikakuta vivuli vya wachezaji vimelala uwanjani, virefu na vyeusi, chini ya jua kali. Sikuifuta mvua yangu. Niliiacha ilipo, nikaongeza sentensi moja chini yake inayosema kwamba picha zinaonyesha jua, na hadi leo naiona hiyo kuwa sentensi bora kuliko zote nilizoandika kuhusu soka. Fanya vivyo hivyo: tarehe, matokeo na majina ya wafungaji yasahihishwe bila huruma, lakini kosa la kumbukumbu lihifadhiwe pamoja na sahihisho lake, maana jezi iliyonigandama inaeleza jambo kuhusu siku ile ambalo jua halielezi.

Baada ya hapo andika kuhusu mtu aliyekuingiza katika ushabiki. Ni watu wachache sana waliochagua timu wenyewe. Wengi walipewa, na baba, na dada mkubwa, na mjomba, au na rafiki ambaye siku hizi hawasalimiani. Kama mtu huyo yu hai, kaa naye ukiwa na kinasa sauti cha simu, na usimuulize nani alifunga, kwa sababu atajaribu kufaulu mtihani na akishindwa atanyamaza. Muulize alikaa wapi, alikuwa na nani, walirudije nyumbani, nani alikataa kula usiku ule. Mpe picha ya zamani aishike mkononi. Kule Scotland upo mradi unaotumia picha na mazungumzo ya kandanda la zamani kwa watu wenye ugonjwa wa kusahau, na msingi wake ni huohuo: uso wa mchezaji wa ujana wake waweza kumfungua mtu ambaye swali la moja kwa moja humfunga.

Uwanja nao upewe nafasi yake, hasa kama haupo tena. Highbury, uliokuwa uwanja wa Arsenal tangu 1913, ulifungwa mwaka 2006 ukageuzwa makazi ya watu. West Ham waliondoka Upton Park mwaka 2016 baada ya zaidi ya miaka mia moja. Kwa kumbukumbu ya namna hii, kuchora husaidia kuliko kuandika. Chora njia uliyopita toka getini mpaka kwenye kiti chako, weka alama penye ile nguzo iliyokuziba usilione goli la upande wa kushoto, kisha andika maelezo mafupi pembeni ya kila alama. Wako pia ambao maumivu yao hayana mechi yoyote ndani yake. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya London iliporuhusiwa kuhamia mji wa Milton Keynes, mashabiki wake walianzisha klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanza upya katika madaraja ya chini, na mwaka 2020 wakarudi kucheza katika mtaa wao wa asili wa Plough Lane. Shabiki wa namna hiyo aanze na barua, au mkutano, au asubuhi alipokosa pa kwenda siku ya mechi.

Katika lugha, jihadhari na maneno ya watangazaji. "Simanzi ilitanda uwanjani" haimwambii mtu chochote. Sema mikono yako ilifanya nini. Utani wa watani wa jadi uandikwe neno kwa neno kama ulivyotamkwa, hata kama bado unachoma, kwa kuwa utani ukilainishwa hufa.

Mchezaji aliyekosea naye umwandike kama mtu. Tarehe 14 Mei 1994, Deportivo La Coruña ya Uhispania ilihitaji ushindi dhidi ya Valencia ili itwae ubingwa wake wa kwanza wa ligi. Mechi ikiwa 0-0 ikapata penalti dakika za mwisho kabisa. Donato, aliyezoea kuzipiga, alikuwa amekwisha kutolewa, akajitokeza beki Miroslav Đukić, kipa akaudaka, na ubingwa ukaenda Barcelona. Anayeandika habari hii kwa kumshutumu Đukić ameacha kitu kikubwa, yaani zile hatua za mtu anayeuendea mpira huku wengine wakiwa wamesimama. Deportivo walikuja kuwa mabingwa mwaka 2000, lakini ushauri wangu, ambao najua wengine wataupinga, ni kwamba furaha ya 2000 isichomekwe mwishoni mwa habari ya 1994. Siku ile hakuna aliyejua kwamba kungekuwa na 2000. Iandikie ukurasa wake.

Misiba iwe mbali na haya yote. Katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, watu 97 walipoteza maisha kutokana na msongamano wa siku ile, na jambo hilo haliwekwi kwenye orodha moja na penalti iliyokoswa. Aliyekuwapo aandike kwa kasi anayoiweza, na asitaje jina la marehemu wa watu bila kwanza kuzungumza na nduguze.

Ukimaliza, weka juu ya ukurasa tarehe ya mechi na tarehe ya kuandika, ubandike tiketi kama unayo, kisha msomee mtu mmoja aliyekuwa nawe siku ile. Akikukatiza kusema kwamba haikuwa hivyo, usibishane naye. Mpe kalamu aandike ya kwake chini ya yako, na jina lake, na tarehe.