Kutambua mchele umetoka bonde gani kwa kupima elementi zake

Assalaamu alaykum. Maandishi ya gunia hubadilishwa kwa dakika moja, lakini punje hubeba alama ya udongo na maji yaliyoulisha mpunga, na alama hiyo, yaani viwango vya elementi mbalimbali ndani ya punje, ndiyo tunayoitafuta katika somo hili.

Hatua ya kwanza ni kukusanya vielelezo, nami nitakaa hapa zaidi kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Anayetaka kutenganisha mchele wa Cheju na wa Kibokwa, mabonde ya Unguja, na ule wa Mbeya au Pakistani lazima kwanza awe na mpunga anaoujua kwa yakini, uliokatwa mbele ya macho yake, kutoka vitalu kadhaa vya kila bonde, na ikiwezekana kwa misimu miwili. Andika mbegu, mbolea, na kama bonde ni la umwagiliaji au la mvua. Mwaka mmoja nilichukua mchele uliokwisha kobolewa mashineni, na hesabu zikakataa kukaa pamoja. Nilipokwenda kutazama, nikakuta punje ndefu za mteja aliyetangulia zimebaki pembeni mwa mdomo wa mashine. Tangu hapo nachukua mpunga wenye maganda.

Hatua ya pili ni kukoboa na kusaga. Magnesi, potasi na manganisi zimejaa zaidi kwenye pumba laini, kwa hiyo vielelezo vyote vikobolewe kwa kiwango kimoja, la sivyo utapima ukoboaji badala ya bonde. Jihadhari na kinu cha chuma, kwani huacha kromi na nikeli ndani ya unga.

Hatua ya tatu: yeyusha takriban nusu gramu ya unga katika asidi safi ya nitriki, ndani ya chombo kilichofungwa cha mikrowevu ya maabara, mpaka maji yawe maangavu, kisha yazimue na uyapime kwa mashine ya ICP-MS, ambayo hutenganisha atomi kwa uzito wake. Pitisha pia asidi tupu isiyo na unga, pamoja na unga wa mchele wa rejea ambao viwango vyake vimethibitishwa. Aseniki inahitaji uangalifu, kwa kuwa agoni, gesi inayotumiwa na mashine, ikishikana na klorini huwa na uzito wa 75 kama aseniki yenyewe. Gesi ya heli hupunguza udanganyifu huo.

Hatua ya nne ni hesabu ya kutenganisha makundi kwa elementi nyingi kwa pamoja. Weka kando theluthi ya vielelezo usivyovitumia kujenga hesabu, kisha uijaribu kwavyo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Wete: Je, aseniki peke yake haitoshi?*
Haitoshi, ndugu yangu. Bonde likituama maji, aseniki hupanda na kadimi hushuka. Likikaushwa, mambo hugeuka. Kwa hiyo elementi hizo husimulia pia namna mkulima alivyoendesha maji yake. Rubidi na stronti hufuata zaidi asili ya mwamba na udongo, nami huzipa uzito mkubwa.

*Mwanachama wa Micheweni: Bonde letu limeingiwa na maji ya bahari. Litaharibu vipimo?*
Maji ya bahari huleta sodi, boroni na stronti, hivyo vitalu vilivyoguswa na chumvi vikusanywe kama kundi lao wenyewe, wala visichanganywe na vya juu ya bonde.

*Mwanachama wa Mwanakwerekwe: Gunia lililochanganywa litajulikana?*
Ukisaga mchanganyiko utapata wastani usiofanana na bonde lolote. Chota sehemu mbalimbali za gunia, na pakiwa na shaka yeyusha punje mojamoja; punje za asili mbili zitajigawa.

*Bibi mmoja wa Chake Chake: Na wali uliokwisha pikwa?*
Samahani bibi, chumvi, tui na maji ya kupikia vimeshaingia humo, na sehemu ya madini ya mchele imetoka na maji ya kuoshea. Tuwekee kibaba kimoja cha mchele mkavu kabla hujainjika sufuria.