Namna ya Kuutembelea Mji Mkongwe wa Salzburg

Wageni wengi wanaofika Salzburg, Austria, hukimbilia moja kwa moja nyumba aliyozaliwa Mozart, yule mtunzi wa muziki, wakajikuta wamebanana katika mtaa mwembamba kabla hawajaujua mji wenyewe. Ni afadhali kuanzia juu. Ngome ya Hohensalzburg, iliyoanza kujengwa mwaka 1077 kwa amri ya Askofu Mkuu Gebhard, imekaa kilimani juu ya mji mkongwe, na ukisimama penye kuta zake utauona mto Salzach, makuba ya makanisa na milima ya Alpi kwa mtazamo mmoja. Tangu 1892 kuna kigari cha relini kinachovutwa kwa kamba ya chuma hadi ngomeni. Mwenye magoti mazima apande kwa miguu, asubuhi kabla ya makundi ya watalii.

Kwa karne nyingi maaskofu wakuu ndio waliokuwa watawala wa hapa, na utajiri wao ulitokana kwa sehemu kubwa na chumvi ya migodi ya jirani. Salzburg iliingia Austria kwa kudumu mwaka 1816 tu. Ukilijua hilo, ukubwa wa Kanisa Kuu hautakushangaza. Kabla ya kuingia, tazama malango ya chuma: yameandikwa 774, 1628 na 1959, yaani miaka ambayo kanisa liliwekwa wakfu, mara ya mwisho baada ya kukarabatiwa kuba lililoangushwa na bomu mwaka 1944. Ndani, upande wa kushoto karibu na mlango, kuna beseni la ubatizo lililobebwa na simba wanne, na humo ndimo alimobatizwa Mozart. Hatua chache kutoka hapo ni monasteri ya Mtakatifu Petro, iliyoanzishwa mwaka 696, yenye makaburi tulivu chini ya jabali.

Sasa nenda Getreidegasse, namba 9, alikozaliwa Mozart tarehe 27 Januari 1756. Inua macho utazame vibao vya chuma vilivyofuliwa juu ya maduka, maana ndivyo uzuri wa mtaa huo. Kama fedha zinatosha tiketi moja tu, mimi ningechagua nyumba ya ng'ambo ya mto, Makartplatz, ambako familia ilihamia mwaka 1773, kwa kuwa vyumba vyake vina nafasi zaidi. Bustani ya Mirabell iko jirani nayo, na kuingia ni bure.

Siku ya pili panda basi hadi Hellbrunn, kusini mwa mji, jumba la starehe la Askofu Mkuu Markus Sittikus, ambaye hakukosa utani: viti vya mawe vilivyoizunguka meza yake ya bustanini huwarushia wageni maji kutoka chini, ila kiti cha mwenyeji hubaki kikavu. Funika kamera vizuri, na usiende majira ya baridi kwa ajili ya chemchemi hizo, kwani hufungwa.

Kadi ya watalii ya saa 24, 48 au 72 hulipia viingilio vingi pamoja na mabasi ya mjini. Piga hesabu kwanza, kwani anayetaka kutembea mitaani tu haihitaji. Mwavuli, hata hivyo, ni lazima. Ukikusudia kwenda Julai au Agosti, wakati wa tamasha la muziki na maigizo lililoanza mwaka 1920, weka nafasi ya malazi miezi kadhaa mapema.