Jinsi ya kwenda kuangalia mibuyu Dodoma mwezi wa tisa na wa kumi

Wageni wakija huku kiangazi wanasema kumekauka hakuna cha kuona, wanapiga picha Nyerere Square basi. Mi nasema huo ndo wakati wenyewe, maana mbuyu bila majani unauona wote mpaka vitawi vya juu kabisa.

Toka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne uwe unarudi, jua la huku halina utani na vumbi likianza kupeperuka utafuta macho mpaka uchoke. Beba maji ya kutosha. Viatu viwe vya kufunika, miiba ya migunga inatoboa ndala, nshajaribu nikarudi nachechemea. Boda mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, ukishuka huko porini ndo uanze kubishana imekula kwako.

Mibuyu mingi iko shambani kwa watu, kwahiyo ukimkuta mzee shikamoo kwanza, ukiongeza na mbukwenyi ya Kigogo uso unabadilika kabisa, ndo uombe kusogea. Mingine ni ya matambiko, ukiambiwa huu acha, we acha tu.

Ukifika usikimbilie selfi, zunguka shina taratibu. Utaona makovu walipobandua gome wakasokota kamba, na mti ukaota gome jipya, miti mingi ukiifanyia hivyo inakufa. Mwenyewe akikuruhusu kwaruza kidogo sana na ukucha, chini ya ule ukijivu kuna kijani kabisa, yaani hauna jani hata moja lakini gome bado linatengeneza chakula. Mi niliiona hiyo ukubwani, na nimezaliwa hapahapa.

Kuanzia mwezi wa kumi kuelekea mvua yanaanza maua, meupe makubwa yananing'inia, yanafunguka jioni na popo wanayafuata usiku, asubuhi unayaokota chini yameshaanza kuwa kahawia. Harufu yake lakini, mh.

Ukiwa na watoto waangalie kwenye uzio wa minyaa, wasivunje vitawi, ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni balaa, osha na maji mengi muda huohuo na uende hospitali.

Wakati wa kurudi nunua ubuyu mzima kwa akina mama wa barabarani, upasue kwenye jiwe, umung'unye ukiwa nyuma ya boda. Mbegu usimtemee dereva mgongoni.